Mpandaji Hutengenezwa Sakafuni

Pita karibu na uwanja wowote wa kufundishia upandaji farasi kule Karen, Nairobi, Jumamosi asubuhi, utasikia maagizo yale yale: visigino chini, macho mbele, mikono itulie, kaa wima. Mwalimu huyarudia mpaka koo linamkauka. Mwanafunzi naye hujitahidi. Anakaa wima kwa hatua chache, halafu bega moja linashuka, tumbo linalegea, kidevu kinatangulia, na mwalimu anaanza upya. Mimi si mwalimu wa farasi. Nafundisha mazoezi ya viungo, na kwa miaka ya karibuni wateja wangu wengi ni hao hao wanaoambiwa wakae wima. Nina msimamo mmoja ambao umeniletea ubishi na walimu wawili watatu: agizo la "kaa wima" halimfai mtu ambaye mwili wake hauna uwezo wa kukaa wima. Si kwamba anakataa, hawezi. Na uwezo huo hautafutwi juu ya farasi.

Sababu ya kwanza ni ya kibahili. Saa ya somo si nyepesi kwa mfuko wa Mkenya wa kawaida. Ukitoa muda wa kufunga mshipi wa tandiko, kupanda, kumpasha farasi moto na kumtembeza apoe mwishoni, kinachobaki cha kujifunza ni kidogo. Ukikitumia chote kupigana na bega lako, umelipia farasi ili ufanye kazi ambayo ungeifanya bure kwenye mkeka, sebuleni kwako. Sababu ya pili ni farasi mwenyewe. Huyu ni mnyama anayehisi nzi akitua ubavuni, akatikisa ngozi pale pale nzi alipo. Uzito wako ukimwelemea upande mmoja, yeye analijua hilo kabla yako, na atajipinda ili aufidie. Akijipinda hivyo wiki baada ya wiki, atakayempanda mwezi ujao ataambiwa kwamba huyu farasi ni mkaidi, hataki kugeuka kulia.

Tuangalie kinachotokea huko juu. Farasi akitembea taratibu, hatua zake hulisogeza fupanyonga lako mbele na nyuma, huku na huku, kwa namna inayokaribia sana ile ya mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana wataalamu wa tiba huwapandisha farasi watoto wenye mtindio wa ubongo: nyonga zao zinapata mwendo ambao miguu yao bado haijaweza kuuleta. Katika mwendo huu karibu kila mtu anaonekana mpandaji hodari, na ndipo picha za mtandaoni hupigwa.

Kwenye troti, yaani mwendo wa farasi wa kukimbia taratibu, mambo hubadilika. Miguu ya farasi hutua miwili miwili, wa mbele wa upande huu pamoja na wa nyuma wa upande ule, na mgongo wake hupanda na kushuka mara mbili katika kila hatua kamili. Kila unapokutana nao, tandiko hupokea nguvu inayofikia kama mara mbili ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anatua kwa kishindo cha kilo 140 hivi, zaidi ya mara mia kwa dakika. Kishindo hicho kina njia mbili tu. Ama kimezwe na vifundo vya miguu, magoti, nyonga na kiuno, ama kipande mpaka mabegani kikatokee mikononi. Na mikononi kuna hatamu, na mwisho wa hatamu kuna lijamu, chuma kilicholala juu ya ulimi wa mnyama. Kwa hiyo mwalimu anapopiga kelele "mikono itulie!", mara nyingi anaugombeza mkono kwa kosa la kiuno.

Wengi wakisikia habari ya kiuno na tumbo hudhani nataka wawe na tumbo la vipande vipande kama wa kwenye matangazo. Wamekuja kwangu vijana wa namna hiyo, wanaonyanyua vyuma vizito, na kwenye troti wanarushwa kuliko shangazi zao. Misuli ya juu ya tumbo ikikazwa kwa nguvu zote, kiwiliwili kinakuwa kizito na kigumu, pumzi inakatika, na kila kishindo kinamrusha mtu mzima mzima. Ninachokitafuta ni tofauti: mbavu zitulie huku nyonga zikiendelea kusogea. Kazi hiyo ni ya misuli isiyoonekana kwenye kioo. Kuna ile ya ndani kabisa inayozunguka kiuno, kiwambo cha kupumulia juu yake, misuli inayoziba sehemu ya chini ya nyonga, na vijimisuli vidogo vinavyoshika pingili moja na nyingine mgongoni. Nikimweka mtu kwenye planki, lile zoezi la kujishikilia mwili umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu, simwangalii saa. Namuuliza habari za nyumbani. Akishindwa kunijibu bila kukata pumzi, planki hiyo haimsaidii juu ya farasi hata akikaa dakika tano.

Ushauri huu una mvi. Xenofoni, askari wa Kiyunani, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba mpandaji asikae kama aliyeketi kitini, bali kama mtu aliyesimama wima na miguu ameipanua. Tena wakati huo Wayunani hawakuwa na vikuku vya kukanyagia. Kilichomshika mtu juu ya farasi ni mwili wake tu. Kule Vienna, katika Shule ya Kihispania ya Upandaji ambayo kumbukumbu zake zinarudi hadi mwaka 1572, mwanafunzi mpya huzungushwa kwa kamba ndefu, bila vikuku wala hatamu, kwa muda mrefu sana kabla hajakabidhiwa farasi amwongoze mwenyewe. Na hapa kwetu, vijana wa Lamu wanaoshindana kwa punda wakati wa Maulidi hupanda bila tandiko, wamekaa nyuma kabisa karibu na mkia, na hakuna aliyewahi kuwafundisha maana ya mizani ya mwili. Wameanza wakiwa wadogo na wameanguka mchangani mara nyingi. Mtu wa miaka 40 anayetoka ofisini Upper Hill hana utoto wa kuanguka mchangani, wala hana farasi mzee wa Vienna wa kumvumilia. Ana mkeka.

Mfano ninaowapa wanaonikunjia uso ni wa Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na miaka 23 na mja mzito, aliugua polio akapooza. Mtoto alizaliwa salama. Mama alianza safari ya kurudi, na safari hiyo haikuanzia kwenye tandiko. Alijifunza upya kuinua mikono, akajifunza kutambaa, kisha kutembea kwa magongo. Misuli mingi ilirudi, lakini chini ya magoti miguu yake haikupona. Dresaji, mchezo ule wa farasi kufuata hatua kwa maagizo ambayo mtazamaji hayaoni, hutegemea sana vigimbi vya mpandaji kumgusa farasi ubavuni. Hartel hakuwa na vigimbi vya kufanyia kazi. Alisema na farasi wake, Jubilee, kwa uzito wa mwili na kwa kiuno. Mwaka 1952 kule Helsinki, michezo ya kwanza ya Olimpiki ambayo wanawake waliruhusiwa kushindana na wanaume katika dresaji, alichukua medali ya fedha, na Henri Saint Cyr wa Sweden, aliyemshinda, akamsaidia kupanda jukwaani. Akairudia fedha hiyo mwaka 1956. Mashindano ya farasi ya mwaka huo yalifanyika Stockholm badala ya Melbourne kwa sababu ya sheria kali za Australia za karantini ya wanyama, lakini hayo ni mambo mengine. Mimi hubaki pale kwenye kutambaa. Mtu mzima, bingwa wa nchi yake, amelala sakafuni anajifunza kusogeza goti.

Kabla ya zoezi lolote namwomba mteja aniletee vitu viwili: video ya simu iliyopigwa kutoka nyuma yake akiwa kwenye troti, na kile kitambaa kinachokaa chini ya tandiko, kabla hakijafuliwa. Mmoja wao, mhasibu, alinipeleka hadi bandani nikakiangalie huko huko. Kilikuwa cheupe. Upande wa kulia jasho na vumbi jekundu vilikuwa vimeacha doa pana lililokoza, na nywele fupi za farasi zimesagwa ndani ya uzi mpaka hazitoki kwa kucha. Upande wa kushoto doa lilikuwa hafifu, limeishia katikati. Saisi anayemtunza farasi huyo, mzee wa makamo aliyekuwa akifunga ndoo za chakula pembeni, alisogea akatazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mama anakaa kulia, mwalimu. Kila siku nikifungua mshipi nakuta tandiko limehama." Nilimuuliza kama amewahi kumwambia mwenyewe. Akacheka tu. Ningekuwa na uwezo, kila somo la upandaji lingemalizika kwa kumuuliza saisi ameona nini. Wao ndio wanaouona mgongo wa farasi baada ya tandiko kutolewa, na ni nadra mtu kuwauliza.

Tuliporudi mjini nilimsimamisha mhasibu huyo juu ya mizani mbili za kupimia uzito, mguu mmoja kwenye kila mizani, nikamwambia afumbe macho asimame anavyoona ni sawasawa. Kulia kulizidi kwa kilo kadhaa. Alisema mizani ni mbovu. Tukazibadilisha nafasi, na kulia kukabaki kulia. Ukimwangalia anavyoishi huna haja ya kutafuta mchawi: mkoba wa kompyuta bega lile lile kwa miaka, kiti cha gari kwenye foleni ya Ngong Road, miguu imekunjwa nne upande uleule. Ubongo wake ulikwisha kuuzoea upinde huo ukauita katikati. Ukimwambia mtu kama huyo "kaa katikati", atakaa kulia kwa utii wote.

Sasa mazoezi. Wa ofisini naanza nao kwenye nyonga, maana mtu anayekaa kitini kutwa ana misuli iliyofupika mbele ya nyonga, na misuli hiyo ikifupika fupanyonga linainama mbele, mgongo wa chini unabinuka, na mguu hauwezi kuning'inia chini ya mwili. Unapanda kuelekea mbele, na visigino chini hutaviona. Goti moja chini, mguu mwingine mbele, kaza tako la upande wa goti lililo chini, halafu vuta fupanyonga kwa juu kidogo bila kuegemea mbele. Wengi wanaliharibu zoezi hili kwa kujisukuma mbele wakidhani ndiko kunyoosha. Ukilifanya vizuri utasikia kuvutwa sehemu ndogo tu, mbele ya paja kwa juu.

Halafu yale matatu ya Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza migongo ya watu. La kwanza ni kuinua kichwa na mabega kidogo ukiwa chali, goti moja limekunjwa na viganja vimewekwa chini ya kiuno, bila kuukunja mgongo. La pili ni planki ya ubavu. La tatu, ninalolipenda zaidi kwa wapandaji, ni lile la kupiga magoti na viganja chini, kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, ukabadilisha. Anashauri kila mshiko usizidi kama sekunde 10, kisha upumzike na kurudia, badala ya kung'ang'ana dakika nzima. Kwa mpandaji hilo lina maana yake: troti haikuombi ukaze misuli dakika nzima, inakuomba uikaze na kuilegeza kwa zamu, haraka. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno unapofanya hili la tatu. Mhasibu wetu alipoinua mguu wa kushoto maji yalitulia. Alipoinua wa kulia yalimwagika kabla mguu haujafika popote. Hapo ndipo alipoacha kuilaumu mizani. Planki ya ubavu nayo ilimwonyesha hadithi ile ile, na tangu hapo upande wake dhaifu ulipata seti moja zaidi kuliko mwenzake. Kufanya sawa kwa sawa pande zote mbili, kwa mtu aliyepinda, ni kuulinda upinde.

Lipo zoezi la mende, chali, magoti na mikono juu, ukishusha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila mgongo kuacha sakafu. Halihitaji maelezo mengi. Lifanye polepole, ukitoa pumzi wakati wa kushusha.

Ukipata mpira mkubwa wa mazoezi, uliojazwa upepo kiasi kwamba ukikaa mapaja yako yanakuwa sambamba na sakafu au yameteremka kidogo, una karibu nusu ya somo la farasi. Kaa, itafute ile mifupa miwili ya kukalia, uzito ugawanyike juu yake. Dundadunda taratibu ukihesabu kwa sauti. Ukishaweza hivyo, chukua sinia lenye glasi ya maji lishike kwa mikono miwili mahali ambapo hatamu zingekuwa, viwiko karibu na mbavu, uendelee kudunda. Mwanzoni maji yatakulowesha. Dawa si kuushika mkono kwa nguvu zaidi. Ukiukaza, glasi inaanguka. Viwiko vikilegea na kiuno kikimeza mdundo, maji yanatulia yenyewe. Sijaona namna bora ya kumwonyesha mtu kwamba mkono mtulivu ni zao la kiwiliwili, na hakuna mdomo wa farasi ulioumia.

Kuhusu kichwa, tuna mali ambayo tunaidharau. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, ongeza kofia ngumu, na kikitangulia mbele mgongo wote unakifuata. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake, waliowapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Sisemi ubebe mtungi. Chukua pakiti ya unga ya kilo 2, iweke juu ya ngata, tembea ukumbini, panda na kushuka ngazi, kaa kitini na uinuke. Shingo yenyewe inarefuka, kidevu kinarudi, mbavu zinakaa juu ya nyonga. Mabinti waliokulia mijini wanacheka wakiona ngata. Mama zao hawacheki, wanarekebisha tu inavyokaa.

Kwa vifundo vya miguu, simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vishuke polepole, kisha ubaki hapo mguu mmoja mmoja. Ukipiga mswaki, simama mguu mmoja asubuhi na mwingine jioni. Inatosha.

Jokii, wale wapandaji wa farasi wa mbio, wana habari yao tofauti. Kule Ngong Racecourse siku ya mbio hutaona mtu ameketi: wamechuchumaa juu ya vikuku vifupi, matako hewani. Mtindo huo ulienea mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Tod Sloan akiwa mmoja wa waliouvumisha, na mwaka 2009 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walieleza kwamba jokii wa namna hiyo huuacha mwili wa farasi uende mbele na nyuma chini yake huku yeye akibaki karibu palepale. Muda wa mbio ulishuka kwa asilimia 5 hadi 7 mtindo huo ulipoingia. Gharama analipa jokii kwa mapaja yake. Mazoezi yao ni kuchuchumaa na kubaki, juu ya ubao unaoyumba, na wenye uwezo hutumia farasi wa mbao wenye springi, wa aina aliyobuni jokii Mmarekani Frank Lovato Jr. Ukiwa unajifunza troti ya kawaida usiwaige. Mapaja yaliyokazwa hivyo yatakunyanyua kutoka kwenye tandiko.

Dakika 15 mpaka 20, mara tatu kwa wiki, zinatosha kabisa, na siku ya kupanda fanya kidogo tu kabla ya kuvaa buti. Mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, au aliyeanguka hivi karibuni, amwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kwanza. Mimi mwenyewe humrudisha mlangoni.

Na ukishafanya haya yote kwa miezi, mizani mbili zikasema sawa, maji yakatulia juu ya kiuno, na bado tandiko linahamia kulia kila siku? Basi acha kujilaumu, mwangalie farasi. Utafiti uliofanywa Uingereza umeonyesha kwamba tandiko linaloteleza upande mmoja mara nyingi huwa dalili ya farasi anayechechemea mguu wa nyuma, kuchechemea kudogo ambako jicho la kawaida halikuoni. Mpandishe mtu mwingine aliyenyooka. Tandiko likihama tena upande uleule, mpigie simu daktari wa mifugo kabla ya somo linalofuata, na umwombe saisi awepo daktari atakapofika.